Vitabu vya kiada chuoni: nibaki na nakala za kidijiti au nirudi kwenye karatasi?

Swali la mwanafunzi wa mwaka wa pili

Nawasalimu nyote. Mwaka wangu wa kwanza wote niliusoma kwa nakala za kidijiti, si kwa kuzipenda kuliko karatasi, bali kwa sababu vitabu vinne vizito viliingia katika kishikwambi kimoja na mgongo wangu ukapata nafuu. Nilizoea haraka kutafuta neno kwa sekunde chache, kukuza mchoro mpaka maandishi yake madogo yakasomeka, na kusoma usiku bila kuwasha taa na kumkera ninayelala naye chumba kimoja. Ungeniuliza wakati huo, ningekuambia kwamba karatasi imepitwa na wakati.

Kilichonitikisa ni mtihani wa fiziolojia. Sura ya figo nilikuwa nimeisoma mara mbili kwenye skrini, nikaipaka rangi ya manjano karibu kila aya, na kila nilipoifunga nilikuwa na hakika kwamba nimeielewa. Katika chumba cha mtihani niliukumbuka mchoro wa nefroni, yaani kile kichujio kidogo cha ndani ya figo, hata rangi zake nilizikumbuka, lakini nilipotakiwa kueleza maji yanafyonzwa wapi na chumvi inafyonzwa wapi, niliambulia patupu. Sura ya moyo, ambayo niliisoma katika kitabu cha kuazima maktabani kwa kuwa kishikwambi kilikuwa kwa fundi, ilinijia vizuri zaidi. Nilikumbuka hata kwamba maelezo ya vali yalikuwa chini ya ukurasa wa kushoto, karibu na doa la wino la msomaji aliyenitangulia.

Najua kwamba sura mbili na mtihani mmoja si ushahidi, na ndiyo maana nauliza kabla sijalipia vitabu vya mwaka wa pili, ambavyo ni vya fiziolojia, takwimu na historia ya afya ya jamii. Je, kasoro iko katika skrini yenyewe au katika namna yangu ya kuisoma? Na je, leseni ya miezi 12, yaani ruhusa ya kusoma nakala ya kidijiti kwa muda huo tu, ambayo ndiyo inayouzwa kwa bei nafuu, inamfaa mtu atakayelihitaji somo hilohilo tena mwaka wa nne?

Jibu la mhadhiri wa saikolojia ya elimu

Ndugu mwanafunzi, umejitilia shaka mahali panapostahili, na swali lako la kwanza limefanyiwa utafiti wa kutosha kulijibu, ingawa si kwa neno moja. Mwaka 2018 watafiti wa Uhispania na Israeli walichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti 54 za kati ya mwaka 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000, zilizolinganisha ufahamu wa waliosoma kwenye karatasi na waliosoma kwenye skrini. Karatasi ilishinda, lakini kwa tofauti ndogo, na haikushinda kila mahali. Katika hadithi tofauti haikuonekana. Ilionekana katika matini za maarifa, yaani zile zinazojaza vitabu vya kiada, na ilikuwa kubwa zaidi pale wasomaji walipowekewa kikomo cha muda. La kushangaza zaidi ni kwamba pengo hilo halikupungua kadiri miaka ilivyosonga na watu walivyozoea vifaa, bali liliongezeka. Wanaosema kwamba tatizo litajifia lenyewe mara kizazi kilichokua na simu mkononi kitakapofika chuoni hawakupata cha kushikilia humo.

Kinachozihusu zaidi figo zako, yaani sura yako ya figo, ni utafiti wa Rakefet Ackerman na Morris Goldsmith wa mwaka 2011. Walipowapangia wanafunzi muda wa kusoma, wa skrini na wa karatasi walipata alama zinazokaribiana. Walipowaachia wajipangie muda wenyewe, wa skrini walifanya vibaya zaidi, na walipotakiwa kutabiri alama zao kabla ya jaribio walijikadiria kupita uwezo wao. Kilichowaponza ni kile kipimo cha ndani kinachomwambia msomaji "hapa hujaelewa, rudi", ambacho kilinyamaza mapema mno. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba skrini tumezoea kuitumia kwa ujumbe, habari na mizaha, mambo tunayoyapitia juu juu, na tabia hiyo tunaingia nayo kitabuni bila kujua. (Msomaji makini ataona kwamba suala la muda halikutoka sawasawa katika kazi hizi mbili. Ni kweli, nami sitalinyoosha kwa nguvu ili jibu langu lipendeze.)

Hata hivyo, usiitupie skrini lawama yote. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walichapisha mapitio ya mbinu 10 za kujisomea. Kupigia mistari au kupaka rangi kuliwekwa katika kundi la manufaa madogo, na kusoma upya kukawekwa humohumo. Mbinu zilizopata daraja la juu ni kujijaribu bila kutazama kitabu na kuyatawanya masomo katika siku mbalimbali. Sasa tazama ulichofanya wewe: ulisoma mara mbili na ukapaka rangi, mbinu mbili dhaifu, tena kwenye chombo kinachompa msomaji hisia ya kuelewa kabla ya kuelewa kwenyewe. Ungefanya vilevile kwenye karatasi, sidhani kama ungefika mbali sana, ila pengine ungegundua mapema kidogo kwamba umekwama.

Habari njema ni kwamba pengo linazibika. Mwaka 2014 Tirza Lauterman na Ackerman walionyesha kwamba wasomaji wa skrini walipotakiwa kuandika wenyewe maneno makuu yanayobeba kiini cha matini, udhaifu wao ulitoweka. Kwako wewe maana yake ni hii: ukimaliza sehemu moja, funga kishikwambi, chukua karatasi tupu, chora nefroni kwa kumbukumbu, andika penye kila sehemu kinachofyonzwa na kisichofyonzwa, kisha fungua ulinganishe. Hapo ndipo utakapoona, kwa mfano, kama umeelewa kwa nini sehemu inayopanda ya kitanzi cha Henle, ule mrija wa nefroni uliojikunja, hutoa chumvi bila kupitisha maji, jambo ambalo kila mwaka nasikia walimu wa fiziolojia wakilalamika kwamba wanafunzi wanalitambua wakiliona lakini hawawezi kulieleza.

Kuhusu lile doa la wino, usilidharau. Ukurasa uliochapwa hauhami. Kilichokuwa chini kushoto leo kitakuwa hapohapo mwezi ujao. Matini inayojipanga upya kila unapokuza herufi haikupi mahali pa kuegemeza kumbukumbu, na kwa sababu hiyo, ukibaki na skrini, ni heri faili ambalo kurasa zake zimetulia kuliko lile linalotiririka bila kikomo.

Jibu la mwanafunzi wa uhandisi

Mwalimu, niwie radhi, lakini tafiti hizo kwa kiasi kikubwa zinampima mtu anayesoma matini fupi tangu mwanzo hadi mwisho kisha akajibu maswali. Sisi kitabu cha kiada hatukisomi hivyo. Nikiwa na swali la mtiririko wa maji katika bomba, naruka hadi kwenye mlinganyo wa Bernoulli, unaohusisha kasi na shinikizo la maji, naangalia masharti yake ili nijue kama unaniruhusu kupuuza msuguano, natafuta mnato, yaani uzito wa kimiminika kutiririka, katika jedwali la kiambatisho, narudi, nagundua nimekosea vizio, naanza upya. Kwa kazi ya namna hii nakala ya kidijiti haina mpinzani, na kitabu cha kurasa 900 ni mzigo tu.

Kwa takwimu pia ningemshauri mwenzangu abaki na skrini. Maelezo kuhusu ukubwa wa sampuli nimeyasoma mara nyingi kwenye karatasi na yakapita; niliyaelewa siku nilipovuta kitelezi kwenye grafu, nikaipeleka sampuli kutoka 5 hadi 50, nikaona mgawanyo wa wastani za sampuli ukisinyaa mbele ya macho yangu. Karatasi haiwezi kufanya hivyo, hata ungeipenda namna gani.

Jibu la mkutubi

Nakubaliana na mhandisi kuhusu grafu, lakini naweka tahadhari moja ndogo kuhusu kutafuta. Kisanduku cha kutafutia hukuletea neno ulilolijua tayari. Fahirisi ya kitabu kilichotengenezwa kwa uangalifu hukuletea neno ambalo hukujua kwamba unalihitaji, kwa kuwa kuna mtu aliyeketi akapanga kwamba anayetafuta hili apelekwe pia kule. Ninaowaona wakihangaika zaidi ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao hawajapata istilahi za kutafutia.

Nilitaka hasa kujibu la leseni, maana wengi hulifikiria wakiwa wamekwisha kulipa. Kitabu kilichochapishwa ukikinunua ni chako: unaweza kukiazimisha, kukigawa au kukiuza. Nchini Marekani suala hilo lilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2013, katika kesi ya kampuni ya John Wiley & Sons dhidi ya mwanafunzi kutoka Thailand aliyekuwa akiletewa na jamaa zake vitabu vya kiada vilivyouzwa kwa bei ya chini kwao, kisha akaviuza Marekani. Mahakama iliamua kwamba aliyenunua nakala halali ana haki ya kuiuza tena, hata kama ilichapishwa nje ya nchi. Kwa nakala za kidijiti mambo yamekwenda kinyume: mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kitabu cha kidijiti kilichotumika hakiwezi kuuzwa tena kwa umma bila ruhusa ya mwenye haki miliki. Kwa hiyo, unapolinganisha bei ya leseni na ya kitabu cha karatasi, toa kwanza ile fedha ambayo kitabu cha karatasi kingekurudishia ukikiuza baada ya muhula. Mara nyingi unafuu hupungua, na pengine huisha kabisa.

Tena leseni si lazima ife kwa tarehe yake tu. Julai 2009 Amazon iliziondoa kwa mbali riwaya mbili za George Orwell kutoka katika vifaa vya wateja waliokuwa wamezilipia, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Fedha zilirudishwa, lakini mwanafunzi mmoja wa sekondari alienda mahakamani kwa sababu maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya kazi ya shule yalibaki yakielea bila matini ya kuyabeba. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Wateja walirudishiwa fedha zao, na walioandika maelezo yao pembeni waliongezewa dola 25. Huwa nawauliza wanafunzi kama wangekubali kuuza maelezo ya mwaka mzima kwa kiasi hicho, na bado sijampata aliyekubali.

Mchapishaji naye ana sababu zake za kukuvuta upande huo. Mwaka 2019 huohuo kampuni ya Pearson ilitangaza kwamba vitabu vyake takribani 1,500 vya soko la vyuo vya Marekani vingesasishwa kwanza kidijiti, na nakala zilizochapishwa zingepata matoleo mapya mara chache zaidi. Kusahihisha makosa haraka ni faida ya kweli, sikatai. Lakini leseni haina nakala iliyotumika ya kushindana nayo, na zinapoambatana nayo kazi za nyumbani zinazofunguliwa kwa msimbo wa kutumika mara moja tu, hata rafiki aliyekuachia kitabu chake hawezi kukusaidia.

Kabla hujalipa, soma masharti uone kama faili linapakuliwa au linasomwa mtandaoni tu, kama linaruhusu kuchapa kurasa na ni ngapi, kama maelezo yako yanaweza kutolewa nje ya programu, na nini kitatokea siku ya 366. Kwa kuwa utarudi kwenye fiziolojia mwaka wa nne, mimi nisingechukua leseni ya miezi 12 kwa somo hilo.

Na kabla ya hayo yote, angalia kama unahitaji kulipa hata kidogo. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice ulioanza kutoa vitabu mwaka 2012, una kitabu cha anatomia na fiziolojia na vingine vya takwimu, vyote vya kupakuliwa bure, tena chini ya leseni huria, yaani inayokuruhusu kuvinakili na kuvigawa. Si kila mhadhiri anavikubali, na mpangilio wa sura hautalingana na wa mtaala wenu. Muulize wako kwanza. Lakini faili ulilolipakua humo halikwishi muda.

Jibu la msomaji asiyeona

Nimesoma majibu yote, na nimeona kwamba kila mmoja anazungumza kana kwamba karatasi ipo tayari kwa kila mtu. Kwangu kitabu cha karatasi ni ukuta. Mpaka kigeuzwe kuwa nukta nundu au sauti, wenzangu wamekwisha kufanya mtihani. Nakala ya kidijiti iliyotengenezwa vizuri naipata siku ileile wanayoipata wao, programu ya kusoma skrini inanisomea kwa kasi niitakayo, na naruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Neno "iliyotengenezwa vizuri" ndilo lenye uzito. Faili la PDF lililotokana na kupiga picha kurasa ni picha tu, na programu yangu hulikuta tupu. Faili la EPUB, muundo wa vitabu vya kidijiti, lenye vichwa vilivyowekewa alama, michoro yenye maelezo ya maneno na milinganyo iliyoandikwa kama hisabati badala ya picha ni kitabu kamili. Kifaa nacho kina sehemu yake: mwaka 2009, vyuo kadhaa vya Marekani vilipojaribu kutumia Kindle DX, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, badala ya vitabu vya karatasi, mashirika ya wasioona yalikishtaki kimojawapo, kwa sababu kifaa kile kiliweza kusoma matini kwa sauti lakini menyu zake hazikutamka chochote, na hivyo asiyeona hakuweza hata kukifungua kitabu bila msaada. Shauri hilo lilimalizika kwa makubaliano mwaka uliofuata.

Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2016, unazitaka nchi wanachama ziruhusu vitabu kugeuzwa katika miundo tunayoweza kuisoma, na nakala hizo kuvuka mipaka, bila kuombwa upya ruhusa ya mwenye haki miliki. Mkutubi, naomba uwaambie wanafunzi wako kuhusu mkataba huo. Wengi wetu hatuelezwi na mtu.

Jibu la mkutubi

Nimekusikia, na umenisahihisha kwa haki. Katika orodha yangu ya mambo ya kukagua kabla ya kulipa nilipaswa kutaja kama faili linasomeka kwa sauti, hata kwa msomaji anayeona, maana hajui ni nani ataliazima baada yake.

Muulizaji

Nawashukuru wote, na hasa ndugu aliyejibu mwisho, kwa sababu nilikuwa nimelipanga suala hili kana kwamba ni la mgongo wangu na mtihani wangu tu.

Nimefikia hapa. Takwimu nitachukua ya kidijiti, kwa ajili ya grafu na mazoezi. Historia nitanunua kitabu cha karatasi kilichotumika, kwa kuwa ni matini ndefu ya hoja zinazojengwa juu ya nyingine na najijua nitairukaruka kwenye skrini. Fiziolojia imenibakia. Mhadhiri wetu amekubali nitumie kitabu huria, nami nimekwisha kukipakua. Lakini kina kurasa zaidi ya 1,000, na kukichapa chote ni kujitwisha upya mzigo nilioukimbia. Je, kuna maana ya kuchapa sura chache tu, na kama ipo, nizichague vipi?

Jibu la mhadhiri wa saikolojia ya elimu

Ipo. Usichague kwa kutazama sura ipi ni ndefu wala ipi ina michoro mingi. Soma kila sura kwenye skrini mara moja, ifunge, andika kwenye karatasi unachokikumbuka, kisha linganisha. Chapa zile ambazo ulijiona umezielewa na karatasi yako ikakukanusha. Mifupa na misuli pengine haitafika kwa mchapaji, kwa sababu huko unahitaji zaidi kukuza picha na kukariri majina. Figo, usawa wa asidi na besi, na homoni naona zitafika.

Unapochapa, usibane kurasa mbili katika karatasi moja ili kuokoa wino, kwani maandishi ya michoro yatakuwa madogo kuliko yalivyo kwenye simu na utarudi kishikwambini kuyakuza. Acha pambizo pana upande mmoja, na uzihifadhi namba za kurasa za faili la asili ili uweze kurukia kwenye nakala ya skrini unapotaka kutafuta neno. Kalamu ya manjano iache nyumbani. Kwenye pambizo andika maswali, si majibu.

Anza na sura ya figo. Ukishaweza kuichora ile nefroni bila kuchungulia, tuletee mchoro hapa tuukague.